Chupa nne za bibi: kisa cha mama aliyedhani maziwa yamemkauka

Alivyokuja

Aliingia kliniki Jumatatu asubuhi, mtoto begani, mkobani ana pampu ambayo siku ile sikuomba kuiona. Neno lake la kwanza: "Maziwa yameniisha." Mtoto alikuwa na wiki 15, mashavu yamejaa, anamchekea kila anayempita. Wiki mbili nyuma mama alikuwa amerudi kazini.

Kisa kimetokea Pemba. Jina la mama, afisi, shehia na lolote la kumtambulisha nimeviondoa. Humu tumwite Mwanaidi. Ameridhia kiandikwe kwa sharti moja, nisimtie ubaya mama mkwe wake. Sharti jepesi, maana kosa kubwa la kwanza katika kisa hiki ni langu mimi, mkunga.

Nyumba na kazi

Mwanaidi ana watoto wawili. Wa kwanza alimnyonyesha miaka miwili bila tabu, kwani wakati ule hakuwa na kazi ya mshahara na mtoto alikuwa haondoki kwenye ziwa. Huyu wa pili ni msichana, kazaliwa salama na kilo 3.1, na tangu siku ya kwanza alikuwa kwenye maziwa ya mama tu. Likizo ya uzazi ilipokwisha alikuwa na wiki 13 na karibu kilo 6.

Anakaa kaskazini ya kisiwa na kazi iko Chake Chake. Anatoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, anarudi saa 10 jioni. Mume yuko Unguja kikazi. Mtoto hubaki na bibi mzaa baba, na bibi msimu ule alikuwa na shughuli nyengine: karafuu. Uwani kumetandwa majamvi, magunia yanaingia, na karafuu mbichi hazingoji mtu. Zisipochambuliwa makonyo, vile vijiti vyake, na kuanikwa mapema zinaharibika rangi, na rangi ndiyo bei.

Pampu ilikuwa ya umeme, ya kukamua ziwa moja moja. Dada yake alimpelekea kutoka Maskati baada ya kuitumia yeye mwenyewe kwa mtoto wake. Afisini hapana chumba cha mama anayenyonyesha, kwa hivyo Mwanaidi alikamulia stoo ya mafaili, mara mbili kwa siku, kiti kimeegemezwa mlangoni kwa ndani. Friji ya afisi aliikataa. "Watu wataona, watasema," aliniambia, na kijicho hakukitaja ila nilikisikia. Akawa anaweka maziwa kwenye kikapu cha baridi pamoja na chupa za maji zilizogandishwa. Sikumpinga. Kikapu kizuri kinachofunga, chenye barafu iliyoganda sawasawa, kinatosha kabisa kwa siku ya kazi. Kinachoharibu maziwa kwetu ni kuyaacha mezani kwenye joto, ambako saa nne ndio mwisho wake, na kwenye stoo isiyo na feni mimi singoji hata hizo nne.

Wakati wa likizo alijiwekea akiba ya mifuko 30, kila mmoja mililita 120, kwenye friza ambayo bibi anauzia barafu za ubuyu. Alipokuja kwangu ilibaki miwili.

Ushauri wangu wa kwanza

Nilimsikiliza, nikampa maneno tunayowapa wote: ongeza mara moja ya kukamua, kunywa maji, kula vizuri, pumzika. Foleni ilikuwa ndefu. Nyumbani wakaongeza yao. Uwatu uliorowekwa usiku kucha, uji wa pilipili manga kila asubuhi, supu ya pweza kila baada ya siku moja. Sikukataza, ni chakula cha mzazi tangu enzi za bibi zetu, na mama aliyetoka kazini kachoka akipewa bakuli la supu, ameshapata kitu.

Baada ya wiki moja alirudi. Juma la kwanza kazini alikuwa akipata kiasi cha mililita 300 kwa siku, la pili 240, sasa 210. Kukamua mara ya tatu kulishindikana kwa kuwa stoo ilikuwa na watu. Uwatu ulimharisha. Bibi alikuwa ameshafungua kopo la maziwa ya dukani, na kwa huruma yake akamchukua mtoto alale naye chumbani kwake, mama apate usingizi.

Hapo ndipo nilipofunga mlango, nikamwambia foleni isubiri.

Ukurasa mmoja wa daftari

Nilimtuma kitu kimoja tu: siku nzima, aandike kila mtoto anapokula na kila yeye anapokamua, saa na kiasi. Bibi hajui kuandika, kwa hivyo mtoto wa jirani aliandika ya mchana. Ukurasa ule ninao hadi leo, una doa la chai pembeni.

Saa 11 alfajiri, ziwa. Saa 2, chupa, 150. Saa 4 na nusu, chupa, 150. Saa 7, chupa, 150. Saa 9 na nusu, chupa, 150. Mama anafika saa 10, mtoto kalala, tumbo kama ngoma. Saa 1 usiku, ziwa, "kanyonya kidogo tu." Saa 3 usiku, ziwa. Saa 6 usiku, chupa, kwa bibi. Kwa upande wa mama: kukamua saa 4, mililita 110. Kukamua saa 7 na nusu, mililita 100.

Usome tena polepole. Ndani ya saa 24 maziwa ya Mwanaidi yalikuwa yakitolewa mara tano, tatu kwa mtoto na mbili kwa pampu. Wakati wa likizo mtoto alikuwa ananyonya mara tisa au kumi. Na kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, saa nane nzima, maziwa yalikaa ndani.

Ziwa halifanyi kazi kama tangi la maji la juu ya nyumba, linalojaa usiku lipate kumwagwa asubuhi. Linatengeneza muda wote, na linatengeneza kwa kasi zaidi likiwa tupu. Likijaa, kuna kitu ndani ya maziwa yenyewe kinachoiambia tezi ipunguze. Likijaa siku baada ya siku, linazoea kiwango kidogo. Usiku nao una hesabu yake, kwa sababu prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku kuliko mchana. Wema wa bibi wa kumchukua mtoto ulikata pale pale penye faida kubwa.

Na zile chupa nne, je? Mtoto anayekula maziwa ya mama peke yake, tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita, hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakipandi sana kadiri anavyokua. Wako wa chini ya hapo na wa juu ya hapo. Ukigawa kwa saa 24 unapata kama 30 na ushei kwa saa. Mama akikosekana saa tisa na nusu, mtoto anahitaji kama 300. Huyu alipewa 600. Mwanaidi alikuwa anajilinganisha na chupa za bibi, na chupa za bibi zilikuwa mara mbili ya njaa ya mtoto.

Pampu juu ya meza

Siku ya daftari nilimwambia aje na pampu, na tukaifungua kipande kwa kipande juu ya taulo. Ile vali, kile kimpira cheupe chenye mdomo kama wa bata, niliishika mbele ya dirisha. Mdomoni ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele. Pampu inanguruma, mkono unasikia inavuta, lakini nusu ya mvuto unapotelea hapo. Kimpira hiki kinachakaa. Kwa mama anayekamua kila siku huwa kinataka kubadilishwa kila baada ya mwezi au miezi michache. Hiki kilikuwa na umri wa watoto wawili.

Kisha faneli, kile kipande kinachokaa juu ya chuchu. Chini yake imeandikwa 28, yaani upana wa shimo kwa milimita. Nilipima chuchu kwa rula: 16. Shimo pana kiasi hicho halivuti chuchu, linavuta na nyama iliyozunguka, na Mwanaidi alikuwa na duara jekundu kila upande. Alidhani maumivu ndiyo kukamua kwenyewe.

Nikamwambia akamue ziwa la kulia mbele yangu kwa pampu ile ile, dakika 15. Ikatoka mililita 35, ikasita. Nikamwonesha kukamua kwa mkono: dole gumba juu na vidole chini, nyuma ya chuchu kama sentimita mbili na nusu, sukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu bana, achia, usitelezeshe vidole juu ya ngozi, zunguka pande zote. Dakika mbili hapana kitu ila matone. Halafu maziwa yakashuka, yakaanza kuruka kwa mistari, mengine yakampiga mtoto usoni. Kikombeni tukahesabu 50 zaidi, kutoka ziwa lile lile ambalo pampu ilisema limekwisha.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe yamo."

Kwa bibi

Alhamisi nilikwenda nyumbani. Harufu ya karafuu unaipata tangu barabarani. Bibi alikuwa jamvini, mikono inachambua bila ya macho kuitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapa kivulini."

Tulizungumza karafuu kwanza, na bei, na mvua. Mtoto alipoanza kulalama bibi akainuka, akaitia chupa kwenye maji ya moto, akamlaza mtoto chali, akampa. Mililita 150 zilikwisha kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Niliomba kuiona chupa. Mpira wake ulikuwa na tundu lililopanuliwa kwa sindano ya moto.

"Ulikuwa unamchosha," bibi alisema. "Ananyonya, ananyonya, haishi. Mie akinyamaza nachambua. Akilia, karafuu zangu nani atazianika?"

Hapana kitu cha kubishana hapo. Kazi mbili kwa mtu mmoja, na moja ya hizo ndiyo inayolipa umeme wa friza. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwuliza mtoto wake wa kwanza alikuwa akinyonya kwa muda gani, akacheka: "Wee! Kutwa." Basi, nikasema, huyu naye tumpe afanye kutwa. Nilimimina mililita 90 kwenye kikombe kidogo, nikamkalisha mtoto wima mapajani, nikamgusisha maziwa mdomoni bila kuyamwaga, anyonye mwenyewe kwa ulimi. Ilichukua kama robo saa. Mwisho aligeuza uso, akatazama kuku. Hakulia.

Robo saa hiyo mara tatu kwa siku ilikuwa ndiyo tatizo lenyewe, na tulilitatua kwa kumtafuta mtoto wa jirani, yule yule wa daftari, anayesoma skuli zamu ya mchana. Zamu za asubuhi zikawa zake, ile ya mchana bibi.

Tulivyoamua, na tulivyoacha

Kwanza mtoto arudi kitandani kwa mama usiku. Mwanaidi aliogopa usingizi. Nilimwambia kunyonyesha amelala ubavu kunachosha kidogo kuliko kuamka asubuhi na hesabu ya mifuko. Alfajiri mtoto anyonye ziwa moja, na lile jengine likamuliwe baada ya swala, kwa kuwa saa hiyo maziwa huwa mengi.

Kazini tulibadilisha saa badala ya kulazimisha. Mara tatu fupi, dakika 15, ni bora kuliko mbili ndefu, lakini stoo ina watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba adhuhuri wenzake wanakwenda msikitini, na stoo inakuwa tupu. Kwa kuwa yeye anaweza kuswali baadaye kidogo ndani ya wakati, ikawa ndiyo zamu yake ya kati. Nyengine saa 3 na saa 8.

Vali mpya na vipete vya kupunguza faneli hadi 19 vilitakiwa vitoke kwa dada, Maskati. Zikapita siku 12. Siku hizo zote alikamua kwa mkono kwenye kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa, na tangu hapo hata pampu ilipopona anamalizia kwa mkono. Jengine dogo: anavisha chupa ya kukamulia soksi ya mtoto. Alikuwa anakodolea mistari ya mililita, na kadiri anavyokodolea ndivyo maziwa yanavyokataa kushuka. Oksitosini, homoni ya kuyashusha, ina haya. Hofu na aibu vinaizuia. Soksi ina harufu ya mtoto na inaficha mistari.

Chupa zikawa vikombe vitatu vya 90, na 60 ya akiba kama ana njaa kweli. Maziwa ya kopo tuliyapunguza polepole, si kwa siku moja, na mzani kila wiki. Huwezi kumwondolea mtoto chakula kwa nadharia yako.

Kabla ya yote hayo niliuliza maswali ambayo ningeliyauliza Jumatatu ya kwanza. Uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu, si vidonge vyenye estrojeni, ambavyo vinaweza kupunguza maziwa. Mimba hana. Damu ilipimwa, ilikuwa sawa. Mtoto anakojoa vizuri na alikuwa na kilo 6.3.

Aliuliza kuhusu vidonge vya domperidoni, ambavyo wengine huvitumia kuongeza maziwa; shoga yake kavipata Dar es Salaam. Nilikataa. Dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, inataka daktari, na haina cha kutibu kwa mama ambaye maziwa yamo ila hayatolewi.

Jambo la wifi lilizungumzwa kwa muda mrefu zaidi kuliko yote. Wifi yake ananyonyesha mtoto wa kiume katika nyumba ya pili, ana maziwa ya kumwaga, na akajitolea kwa moyo mweupe. Wazee wakakaa. Kwa madhehebu ya Shafi, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano ndani ya miaka miwili ya mwanzo anakuwa mwanawe wa ziwa, na wale watoto wawili, ambao leo ni binamu, wangekuwa ndugu wasiooana. Hakuna aliyepanga kuwaozesha. Lakini mlango wakiufunga hauwezi kufunguliwa, na kwa kuwa maziwa ya mama mwenyewe yamo, wazee waliona hapana dharura. Nilikubaliana nao. Ingekuwa mtoto yuko hatarini, ningesema vyengine, nao pia wangesema vyengine.

Matokeo

Wiki ya kwanza, kwa mkono tu, alipata wastani wa mililita 240 kwa siku, pamoja na ya alfajiri. Ya pili, 280. Pampu ilipopona, 340. Matumizi ya nyumbani yaliteremka hadi kati ya 270 na 330. Kopo lilifungwa wiki ya tatu. Mtoto alifika kilo 6.9 akiwa na wiki 20.

Wiki ya nne umeme ulikatika usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata, na wateja wa barafu wakaifungua friza kila dakika. Mifuko tisa iliyeyuka, haikubaki hata chembe ya barafu ndani, na imekwisha kuwa vuguvugu. Ingekuwa bado ina barafu katikati ningesema irudishwe. Tuliimwaga. Mwanaidi alilia kuliko siku ya kwanza, na mimi sikuwa na neno. Sasa mifuko inakaa chini kabisa, nyuma, imezungukwa na barafu za ubuyu pande zote, na umeme ukikatika friza inafungwa kwa kitambaa na biashara inasimama.

Uchambuzi

Bibi anasema ni pweza. Kila nikipita ananikumbusha. Mimi nasema: supu na uwatu vilikuwepo ile wiki maziwa yalipoteremka kutoka 240 hadi 210, na uwatu uliachwa kabla hayajapanda. Utafiti kuhusu uwatu ni dhaifu na majibu yake yanapingana; kwa mwenye kisukari unaweza kushusha sukari, na kuharisha kwa Mwanaidi kulikuwa kwa kweli. Pweza simgusi. Ni protini nzuri na mapenzi ya mama mkwe.

Kilichofanya kazi kwa uzito, kwa maoni yangu, ni usiku. Vali na faneli vilikuwa na ajabu ya kuonekana kwa macho, kwa hivyo ndivyo vinavyosimuliwa kliniki, lakini maziwa yalianza kupanda siku 12 kabla ya vali kufika. Mkono na usiku ndivyo vilivyoyapandisha. Vali ilimrudishia muda na ikamwondolea maumivu. Na nusu nzima ya "upungufu" haikuwa kifuani hata kidogo, ilikuwa kwenye tundu la mpira wa chupa.

Yaliyoshindwa. Nilimjaribisha kukamua kwa saa moja mfululizo kila jioni: dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Alifanya siku tatu. Siku ya nne mtoto mkubwa alimwuliza kwa nini anaipenda mashine, akaacha. Wako wanaofaidika, ila kwa mama aliyetoka nyumbani saa 12 na nusu na ana mtoto analia kando, ziwa la bure liko hapo hapo. Sikupaswa kumpa mashine saa aliyokuwa na mtoto.

Nilishindwa pia Jumatatu ile. Wiki nzima, na kopo likafunguliwa, kwa sababu niliamini neno "yameniisha" kama vile ni kipimo. Tangu hapo mezani kwangu pana rula na kikombe, na mama akisema anakamua, namwambia aitoe pampu mkobani kabla hajakaa.

Afisini kwao tuliandika barua ya kuomba chumba, hata chenye pazia tu. Haijajibiwa. Mtoto ameshaanza uji, Mwanaidi bado anakamua adhuhuri, na kiti bado kinaegemezwa mlangoni kwa ndani.